Saa ya Wenceslas Hairudishwi Nyuma

Mimi Kahindo nilikuwa nangojea kitu kimoja tu katika ndoa yangu: siku bwana yangu Wenceslas atavuta kale kadude ka pembeni ya saa yake na kuirudisha nyuma kwa saa moja. Musicheke. Wanawake wengine wanangojea nyumba ya etaje, ya orofa, wengine wanangojea gari. Mimi nilingojea hiyo, na aliniapia.

Wenceslas ni mufanyabiashara, mutoto wa Butembo kama mimi. Tangu tuhamie Goma, hapa mutaa wa Katoyi, maisha yake yalikuwa barabara. Anapita Butembo na Beni, anavuka mupaka pale Kasindi, anaingia Uganda mupaka Kasese, anarudi na sabuni na mabati. Kule Uganda saa yao inatangulia yetu. Hapa kwetu ikiwa saa kumi na mbili ya asubuhi, wao wanasema saa moja. Sasa yeye alinunua kule saa ya Uswisi, ya zamani, ya chuma, yenye visaa vitatu vidogo ndani ya uso wake na vifungo viwili vya kupimia mbio. Aliipanga kwa saa ya Uganda, na akirudi nyumbani hairudishi. Miguu iko Katoyi, mukono unabaki Uganda.

Alikuwa na maelezo yake, na mbele ya wanaume wenzake aliyaeleza vizuri. Kila siku ya Mungu, Jumapili, baada ya misa, wenye saa za namna ile walikaa kwenye baraza ya Carlos, muuza vipuri vya magari. Nilikuwa napeleka chai na kuwasikiliza. Yesu na Maria, maneno yao!

"Saa ni ya kuvaa," anasema muzee Henri, aliyeendesha lori mupaka magoti yakakataa. "Ukiificha kabatini, ni kama kununua ngombe na kumufungia chumbani. Ikwaruzike! Mimi mwenyewe si nimekwaruzika?"

"Uvae ile saa mutaa wa Ndosho kwenye wezi, juu ya moto, pikipiki ya abiria, uone kama utafika na mukono," anasema Carlos. Yeye yake iko kwenye soksi, inatoka siku ya harusi tu. "Na usinunue bila karatasi na boksi yake. Saa bila karatasi ni mutoto bila ubatizo."

Sibomana, muuza ngombe wa Masisi, aliwacheka wote. "Simu inanipa saa bure. Hii naivaa kwa sababu wakubwa wa ofisi wanaangalia mukono wako kabla ya uso wako. Siku wakianza kuangalia uso, nitaiuza."

Ndipo Wenceslas anakohoa, wote wanamugeukia. "Kuizungusha ipate nguvu, ndiyo. Kuivuta na kubadilisha saa kila safari, hapana. Ukivuta-vuta unaiua. Mwenye saa ya heshima anaiacha itembee, kichwa chake ndicho kinafanya hesabu."

Na sisi wote nyumbani tulifanya hesabu! Paluku, kijana wetu wa kwanza, alijifunza kutoa kwa saa ya baba yake kabla mwalimu hajamufundisha. Baba anasema saa nane, watoto wanapiga kelele: "Saa saba!" Tulicheka. Nilimupenda hivyo, na ujinga wangu wote. Mimi nikaenda mbali zaidi: nikachukua saa ya ukuta ya saloni yangu, sebule ya wageni, nikaitanguliza kwa saa moja, ili bwana yangu akiinua macho nyumbani kwake asipate taabu. Wageni walichanganyikiwa. Siku moja Sibomana aliiangalia muda murefu, akaniambia polepole, "Mama Paluku, rudisha saa yako ya ukuta." Nilimucheka. Nikamuambia ana wivu wa ndoa za watu.

Ahadi yenyewe aliitoa mwaka ule barabara ilipofungwa na yeye akakwama ngambo, mimi huku nasali rozari kila siku. Aliporudi nililia, nikamuuliza ataacha safari lini. Akashika mukono wangu, akauweka juu ya saa. "Siku nitamaliza barabara, nitavuta hii mbele ya macho yako. Itarudi saa ya Goma, na mimi nitarudi nayo. Naapa kwa Bikira Maria." Tangu siku ile sikumusumbua tena. Akirudi, naangalia mukono kwanza. Bado. Sawa, nangojea.

Mwaka huu malaria ikamuangusha, ile mubaya inayomufanya mutu azungumuze na ukuta. Umutesi, jirani yetu anayefanya kazi ya uuguzi, akaja na dawa. Akaangalia saa ya ukuta, akaangalia simu yake, akanikasirikia. "Mama, saa yenu ni ya inchi gani? Dawa hii haina muchezo. Tafuta saa moja ya kweli, uifuate."

Saa ya Wenceslas ilikuwa imesimama. Siku mbili hakuizungusha, na haikuwahi kusimama tangu tuoane. Iliniuma kuiona hivyo, nikadhani ni dalili mubaya. Nikaizungusha kama nilivyomuona akifanya. Halafu, kwa ajili ya dawa, nikavuta kale kadude kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nikaipanga kwa saa ya Goma, nikamurudishia mukononi akiwa amelala. Nilijiambia: akipona nitamueleza, naye atairudisha kwa Uganda yake. Na nilifurahi kidogo, niseme ukweli. Angalau kwa ugonjwa, bwana yangu alikuwa kwa saa ya nyumbani.

Kesho yake, alfajiri, homa ilikuwa imepungua. Nilimuona anafungua macho, anaangalia mukono, ile saa niliyoirudisha bila yeye kujua, anasema, "Bado mapema," anageuka ukutani na kulala tena. Kila asubuhi, akiwa muzima, wakati ule anatoka na simu mupaka nyuma ya choo, kule kwenye mawe ya volkano, anabonyeza kifungo cha saa ili apime dakika zake. Ni watu wa mupakani, alisema, wanataka bei mapema. Leo hakutoka. Simu yake ilikuwa kwenye chaji saloni, na ikalia.

Nikaichukua. Nilitaka tu kusema muzee anaumwa.

"Tata?" Sauti ya katoto. Tata kwa Kinande ni baba. Na katoto kakaendelea kwa Kinande chetu, kile cha ngambo, wanachokiita Lukonzo, ninakisikia chote. "Tata, leo umetusahau? Tumevaa yunifomu. Tumekungojea mupaka saa moja imepita, mama anasema tutachelewa."

Nikasikia sauti yangu inauliza kwa Kinande, "Wewe ni nani?"

"Ni mimi, Biira."

Kwetu na kwao, jina linakuambia mutoto ni wa ngapi kwa mama yake. Biira ni binti wa pili. Kwa hiyo yuko wa kwanza. Mama yangu! Katoto hakakunificha kitu, kalinihesabia nyumba yao kwa jina moja.

Nikainua macho. Saa yangu ya ukuta ilikuwa imepita saa moja kidogo, sawasawa na yao. Hao watoto walikuwa wanaamuka, wanavaa, wanangojea simu ya baba, na saloni yangu ilikuwa inawapigia saa. Mimi mwenyewe niliipanga! Kwa mikono hii, nimesimama juu ya kiti, kwa upendo!

Niliingia chumbani. Alikuwa ameketi, anaishika saa na kuisikiliza kwa sikio. Akasema, "Mama Paluku, nani aligusa saa yangu?"

Hilo ndilo neno la kwanza. Hakuuliza habari za asubuhi.

"Biira anakusalimia," nikasema. "Na dada yake."

Akafunga macho. Nilimupigia kelele mupaka Umutesi akaja mbio bila kandambili. Nilimuita mwongo, nilimuita mwizi wa maisha yangu, na sitaki kurudisha hata neno moja.

Siku ya Mungu nilienda kwa Carlos, bila chai. Nilipomutaja Biira, Carlos alitazama chini ya meza, na kumbe yeye ndiye baba yake wa ubatizo, yule yule wa karatasi na boksi. Muzee Henri akasema, "Mambo ya barabara, mama." Weh! Mambo ya barabara! Sibomana peke yake aliniangalia usoni. "Nilikuambia urudishe saa ya ukuta," akasema. "Kusema mengine nilikosa kinywa." Na yeye sikumushukuru. Wote walikunywa chai yangu.

Saa ya ukuta niliishusha mwenyewe, pale kuna musumari tu sasa.

Wenceslas alipopata nguvu aliniita saloni. Akapiga magoti, muzee muzima, akaapa barabara imeisha. "Mama Paluku, angalia." Akavuta kale kadude mbele ya macho yangu, akaipeleka kwa Uganda, halafu akairudisha Goma polepole, ili nione kwamba ni yeye aliyefanya. Kitu nilichongojea miaka yote, nikakipata. Sikusikia furaha yoyote. Nilirudi jikoni, sombe ya majani ya muhogo ilikuwa inaungua.

Kweli, haendi tena. Analala hapa, anakula hapa, kila asubuhi anakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Ninafagia, namuona. Anaangalia mukono, midomo inacheza kidogo bila sauti. Anaongeza saa moja.