Nakala Tatu za Mzee Spea

Ukipoteza kifuniko cha birika mtaani kwao, hukuwa na haja ya kwenda dukani. Ulibisha hodi kwa Mzee Spea, ukaonyesha ukubwa kwa vidole, naye akaingia chumba cha uani na kutoka na vifuniko viwili, uchague mwenyewe. Jina hilo alipewa na wenzake kwenye karakana ya pampu za maji, alikofanya kazi mpaka akastaafu, kwa kuwa hakuwahi kufungua mashine bila kwanza kupanga mezani spea ya kila kitu kinachoweza kuharibika. Nyumbani aliendelea vilevile. Pasi mbili, redio tatu, feni moja ya kuzunguka na nyingine ya kutolewa viungo. Misumari ilikaa kwenye makopo ya maziwa kwa kufuata urefu, na kila kopo lilibandikwa karatasi. Miwani ya kusomea alikuwa na jozi mbili, na zote mbili zilimpotea kwa wakati mmoja, lakini hilo tumwachie mwenyewe.

Mkewe alikuwa mkunga. Mtaa mzima ulimwita Sista, hata baada ya kuvua sare. Kwa miaka thelathini na mmoja, kila alipozalisha, akifika nyumbani alifungua daftari lake mwenyewe, si lile la zahanati, akaandika tarehe, hali ya hewa, mama alisema nini, mtoto alilia vipi. Majina hakuandika. Yalifika madaftari kumi na tisa. Alipostaafu akaanza kuyachapa kwenye kompyuta ya mezani pale sebuleni, kwa vidole viwili, kila asubuhi akishamwagilia maua. Kazi hiyo ilimla miaka minne.

Siku aliyoweka nukta ya mwisho, Mzee Spea akatia mkono.

"Mama watoto, haya madaftari sasa yanazaa mende tu. Maneno yako yamo kwenye kompyuta, na mimi nayawekea spea tatu. Moja chumbani, moja kwenye sanduku la vifaa, moja kwa dada yangu. Hata nyumba ikiungua, maneno yako yapo."

Sista alisita siku mbili. Kisha akayabeba madaftari mpaka kwenye pipa la kuchomea taka, akayatia moja baada ya jingine, akasimama hapo mpaka moshi ukaisha. Aliyachoma kwa sababu mumewe amesema, na mumewe akisema kitu cha mashine, katika ndoa ya miaka thelathini na minane, hakijawahi kuwa vingine.

Mzee Spea akanunua flashi tatu. Kila moja aliivingirisha utepe mweusi wa mafundi umeme, akaandika tarehe juu ya karatasi, akaipeleka mahali pake. Utepe ule haukuguswa tena. Kila mgeni aliyekuja alionyeshwa flashi ya chumbani ndani ya kopo lake, jinsi ilivyofungwa, hata vumbi haliingii. Aliuringia utepe kama wengine wanavyoringia gari.

Kuna jambo moja tu la mashine lililomtia aibu, nalo lilikuwa la zamani. Siku alipozaliwa binti yao, Sista alikuwa amelazwa kwenye zahanati ileile aliyofanyia kazi, uchungu umempata, na Mzee Spea aliyekuwa akisubiri nje akaenda kuomba mafuta ya cherehani. Mlango wa wodi ulikuwa ukilia kwenye bawaba, akaona hauvumiliki, akaanza kuutengeneza. Mama mkwe, Mungu amrehemu, aliisimulia habari hiyo kwenye kila mkusanyiko wa ukoo. "Mwanangu yuko kwenye uchungu, mkwe wangu anahangaika na bawaba!" Watu walicheka mpaka machozi. Mzee Spea naye alicheka, ila kicheko chake hakikushuka chini ya koo. Hakuwahi kumwuliza mkewe yeye aliliona vipi jambo lile. Aliogopa jibu.

Sasa, Jumatatu moja akaja mwanamke mmoja, mshonaji wa mapazia, futi ya kupimia bado ikining'inia shingoni. Akakaa ukingoni mwa kochi.

"Sista, shikamoo. Nimeambiwa wewe ndiye uliyenizalisha. Mama amefariki mwezi uliopita. Nilikuwa najiambia nitamwuliza kesho, nitamwuliza kesho. Baba simjui. Hakuna mwingine aliyekuwepo siku ile ila wewe."

Sista akamshika mkono, akamwuliza tarehe yake ya kuzaliwa. "Kichwani sina tena, mwanangu, ni wengi mno. Lakini niliandika. Njoo Jumapili saa tisa mchana nikusomee alichosema mama yako."

Mshonaji akaondoka anajifuta macho kwa ncha ya futi. Mzee Spea, aliyekuwa akisikiliza kutoka uani, akaona haifai. Feni ya kompyuta ilikuwa inanguruma kupita kiasi, na mgeni angesomewa maneno ya marehemu mama yake kwenye makelele yale? Jumanne asubuhi akaivuta kompyuta, akaipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, akaitia feni matone mawili ya mafuta, akaifuta mbele, pembeni, na nyuma. Nyuma aliisugua kweli kweli. Huko nyuma, karibu na waya wa umeme, kuna swichi ndogo nyekundu ya kuchagua nguvu ya umeme, swichi ambayo mtu anaweza kumiliki kompyuta miaka kumi asijue ipo. Kitambaa kiliisukuma upande wa pili. Yeye akaendelea kupiga mluzi.

Alipowasha, kompyuta ililia "pu!" na moshi mwembamba ukatoka kwenye matundu.

"Nini hicho?" Sista aliuliza kutoka jikoni.

"Kitu kidogo!"

Na kweli aliamini ni kidogo. Kompyuta ni chuma tu. Akaenda chumbani, akashusha kopo, akaukata utepe kwa mara ya kwanza tangu aufunge, akaiingiza flashi kwenye kompyuta ndogo ya zamani aliyoachiwa na binti yao. Faili la mkewe likaonekana, na jina lake, na kimshale kidogo kilichopinda kwenye kona ya picha ya faili hilo. Akalibonyeza. Maandishi yakatokea kwamba faili linalotafutwa halipatikani.

Akabonyeza tena, polepole, kama mtu anayebisha mlango wa wakubwa. Halipatikani. Akaenda kwenye sanduku la vifaa, akaikata ya pili. Kimshale kilekile.

Jumatano asubuhi alikuwa kwa dada yake, kompyuta ndogo ndani ya mfuko wa mboga.

"Kaka, mbona unatoka jasho hivyo? Umefukuzwa nyumbani?"

"Bado," alijibu, na dada akadhani ni utani.

Ya tatu nayo ilikuwa vilevile. Alibaki ameketi kwenye kitanda cha dada yake, utepe umemnata vidoleni, mpaka chai aliyoletewa ikapoa.

Alirudi nyumbani akaibeba kompyuta kubwa mikononi. Sista alikuwa akichambua mchele mlangoni. "Unaipeleka wapi?" Akamjibu kwamba kuna fundi ataiangalia, jambo ambalo lilikuwa kweli, ila ni robo ya ukweli. Mtu huyu hakuwahi kumpelekea fundi mwingine hata pasi. Nyumbani bisibisi zilikuwepo za kila aina, lakini, kwa mara ya kwanza maishani, aliogopa kufungua kitu.

Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke wa umri wa binti yake, mwenye kibanda karibu na duka la dawa, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Aliigeuza kompyuta, akaiona swichi nyekundu imesukumwa upande usio wake, akamwonyesha, akaguna. Kisha akachomeka flashi mojawapo aliyoletewa na kuitazama kwa muda mfupi mno, muda ambao Mzee Spea aliuona kama tusi.

"Mzee wangu, uliikopi kutoka pale mbele, siyo? Kwenye picha anayobonyeza mama akitaka kufungua?"

"Hapo hapo. Ndipo lilipo."

"Halipo hapo. Ile picha ni kibao tu cha kuelekeza, nyumba yenyewe iko kwingine ndani ya mashine. Wewe umekopi kibao mara tatu."

"Na nyumba?"

"Kama ipo, ipo kwenye diski hii. Umeme umeipiga. Umejaribu kuifungua?"

"Sijaigusa."

"Basi umefanya la maana kuliko yote. Njoo Ijumaa. Sikuahidi kitu."

Njiani alipanga maneno. Angeweza kusubiri mpaka Ijumaa. Diski ikipona, Sista hatajua chochote. Angenunua flashi mpya, angezivika utepe mpya, na maisha yangeendelea. Alifika mpaka getini na mpango huo. Akamkuta mkewe sebuleni, ameandika tarehe ya mshonaji wa mapazia kwenye kipande cha karatasi na kukiweka pale kompyuta ilipokuwa, asije akaisahau. Mpango wote ukamtoka.

Akamwambia. Hakupunguza kitu: swichi, moshi, vimshale, flashi tatu tupu.

Sista alisikiliza mpaka mwisho. Akainuka, akaenda jikoni, akaosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Aliporudi hakukaa.

"Uliniambia yanazaa mende."

"Nilisema, mama watoto."

"Nimekasirika. Nakuambia ujue, usije ukadhani nimechoka tu." Akashika mgongo wa kiti. "Pale zahanati kulikuwa na mtungi wa oksijeni wa akiba kwenye kona. Unaweza kumaliza miezi haujahitajika. Kila asubuhi, kabla sijavaa hata kofia, nilikuwa naufungua, nausikia unapumua, naufunga. Kila asubuhi, miaka thelathini na mmoja. Ningeufunga utepe kama wako, kuna watoto wangekufa mkononi mwangu nikiusifia mtungi. Wewe kwa miaka yote hii hukuzifungua hata mara moja?"

"Nilitaka zisiingie vumbi."

Hilo lilikuwa jibu la kijinga na alilijua. Sista akaingia chumbani. Alhamisi yote walizungumza mambo ya chumvi na ufunguo tu. Mzee Spea alikaa uani kati ya makopo yake ya misumari na hakugusa hata moja.

Ijumaa alifika kibandani kabla hakijafunguliwa. Fundi alipokuja alimwonyesha, juu ya kiganja, kidude cheusi kidogo kama punje ya mchele, kimeungua.

"Hiki kazi yake ni kufa ili diski isife. Kimeifanya kazi yake. Nimekitoa." Akabonyeza, na kioo kikajaa maandishi ya Sista, tarehe baada ya tarehe. "Hii ndiyo nyumba, mzee wangu."

Mzee Spea alitaka kusema asante, ikatoka sauti ya ajabu, basi akajifanya anakohoa. Fundi akamnakilia mara tatu, na kila mara alimlazimisha kuifungua nakala mwenyewe, mbele yake, na kwenda mpaka ukurasa wa mwisho.

Jumapili saa tisa mshonaji wa mapazia alikuja amevaa nguo nzuri. Sista akavaa miwani, akamsomea kutoka kwenye kompyuta ndogo: kwamba asubuhi ile ilikuwa na manyunyu, kwamba mama yake hakupiga kelele hata mara moja ila aliomba dirisha lifunguliwe, na mtoto alipowekwa kifuani alisema, "Kumbe ni wewe." Mshonaji aliomba asomewe tena. Alisomewa mara nne. Alipoondoka aliyatamka maneno hayo matatu ya mwisho peke yake njiani mpaka getini, wakawa wanamsikia.

Wakabaki wawili. Sista hakuwa amenuna tena, lakini hakuwa amemaliza. Aliisukuma kompyuta ndogo upande wa mumewe.

"Toa hiyo flashi iliyomo, weka ya chumbani. Tujaribu kama inapumua."

"Nimezijaribu zote kwa fundi."

"Hiyo ilikuwa Ijumaa. Isitoshe, miaka yote umenilindia kazi yangu, hujasoma hata mstari. Soma. Nenda mwanzoni, mwaka ule wa kwetu, mwezi wa saba."

Mzee Spea akatafuta miwani, akakuta jozi moja kichwani. Alijua tarehe ile kabla hajaifikia. Alisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari:

"Leo si mtoto wa kuzalisha, ni wangu. Msichana. Jua kali. Mwenzangu wa zamu alinihudumia vizuri. Saa za mwisho niliogopa sana, mimi ninayewaambia wengine wasiogope. Mlango wa wodi ulikuwa unalia kila ukifunguliwa, na kila ukilia nilidhani wanakuja kuniambia jambo baya. Halafu ukaacha kulia. Ukafunguliwa tena, kimya. Nikajua ni yeye, yupo hapo nje. Hofu ikaniisha."

Nje mtoto wa jirani alikuwa akigonga mpira ukutani.

"Imo?" Sista aliuliza.

"Imo," alisema Mzee Spea, na ilimbidi avue miwani.