Siku Tata Tshilombo Alipokwenda Ziwani Bila Makala

Saa kumi na mbili asubuhi, Kapata, nje kidogo ya Kolwezi. Tshilombo, ambaye kwa heshima huitwa Tata, anaizunguka baiskeli yake kama daktari anayemzunguka mgonjwa asiyetaka kusema anaumwa wapi. Karia ya kubebea mizigo ni tupu. Kamba zinaning'inia. Hakuna gunia hata moja la makala, yaani mkaa, na mwenye baiskeli hajui mikono yake aiweke wapi.

"Kinga bila muzigo ni kinga ya nini?" anauliza.

Kinga, kwa watu wa huku, ni baiskeli, na swali ni zito.

Kwa miaka mingi Tshilombo ameleta makala mjini kutoka kijiji kimoja karibu na ziwa la Nzilo. Baba yake alifanya kazi mgodini na kumwachia nyumba ya kampuni. Kazi yenyewe hakuweza kumwachia. Baiskeli yenye magunia matano haipandwi, inasukumwa. Pedali alizing'oa zamani kwa sababu zilikuwa zikimgonga miguu. Jana jioni ilimbidi aende kwa jirani kuazima pedali, na jirani akamuuliza kama anaumwa.

Chanzo cha msiba huu ni wateja wawili, Gael na mkewe Stéphanie, walimu wa Lubumbashi walio likizoni. Wana baiskeli za gia, kofia ngumu za njano na jileti, yaani vizibao, zinazong'aa. Wanamlipa awafikishe ziwani kwa njia anayopitisha makala na kuwarudisha leo leo. Hawauzi kitu. Hawana ndugu kule.

"Sasa munaendea nini?" Tshilombo anawauliza.

"Kutembea tu, tata," anajibu Stéphanie.

Tshilombo anainamisha kichwa kwa heshima ambayo watu huwapa wafiwa.

Safari inaanza vibaya. Baiskeli iliyozoea magunia matano haijui kwenda tupu, na mwenyewe hajui kuiendesha. Inakwenda kushoto, inakwenda kulia, inaingia kichakani. Wateja wanamsubiri kwa adabu. Mwishowe anaokota mawe kando ya njia, anajaza gunia nusu na kulifunga kwenye karia. Baiskeli inatulia papo hapo.

"Sasa inasikia," anasema, na kwa mara ya kwanza leo anatabasamu.

Karibu saa nne wanaingia kijijini. Mama Angèle, ambaye Tshilombo hununua makala kwake, yuko uani anatandaza mihogo juu ya turubai. Anaziona zile kofia. Anasimama, mkono kiunoni. Chefu Ntambwe, mkuu wa kijiji, anatoka nyumbani kwake bila hata kuvaa viatu.

"Tata Tshilombo, bale ni banani?"

"Ni bageni, tata chefu."

"Banatafuta nini?"

Gael, mtu mwenye roho safi, anajibu kwa tabasamu pana: "Tunatembea tu!"

Katika mkoa mzima wa Lualaba hakuna jibu baya kuliko hilo. Miaka mitatu iliyopita walifika wageni wengine hapa, nao wakiwa na kofia ngumu na jileti. Nao walisema wanatembea tu. Wakaokota mawe, wakayatia katika mifuko, wakaaga vizuri. Baadaye nyumba za kijiji jirani zikapakwa namba kwa rangi nyekundu, na leo pale kuna ua wa nyaya wa kampuni ya madini na mlinzi asiyeitikia salamu.

Chefu Ntambwe analiendea gunia lililo kwenye karia. Anafungua kamba. Anatazama ndani kwa muda mrefu.

"Mawe," anasema, bila kupaza sauti.

Mama Angèle ndiye anayepaza. "Miaka yote nakuuzisha makala, kumbe uko unapimia kampani udongo yetu? Toka leo makala yangu usiiguse! Na hii njia usipite tena!"

Kwa Tshilombo maneno haya si ya hasira tu. Njia nyingine ya kufika mjini ni barabara ya malori ya madini, na madereva wake hawaoni baiskeli mpaka wameshaipita, au wameshaipanda. Akifungiwa njia hii, kazi yake imekwisha.

"Mama, nakuomba! Ile mawe ni ya uzito! Kinga inanitupa!"

"Inakutupa?" Mama Angèle anageukia watu. "Munasikia? Mutu wa makala, kinga inamutupa! Kesho atatuambia maji inamuchoma!"

Watu wanacheka, lakini si kicheko cha kusamehe.

"Toa mawe," anaamuru chefu. "Panda, tuone."

Gunia linashushwa. Tshilombo anapanda mbele ya kijiji kizima, uso wa mtu anayekwenda kula kiapo. Anapiga pedali. Baiskeli inakwenda kushoto, inakwenda kulia, inafikiri kidogo, kisha inampeleka moja kwa moja katikati ya mihogo ya Mama Angèle, na hapo inamlaza chali.

Kipande cha muhogo kiko juu ya paji la uso wake.

Mama Angèle anajaribu kubaki na hasira. Anashindwa. Anacheka mpaka anakaa chini. "Mutu wa kampani anakuya na gari," anasema akifuta machozi. "Haanguke mu mihogo ya batu namna hii. Muache apite."

Chefu anatoa hukumu: njia ibaki wazi, kofia zivuliwe, mihogo ioshwe na wageni, na mawe yabaki kwake.

Ziwani walifika. Wakakaa, wakayatazama maji, wakarudi. Tshilombo, aliyerudi akiisukuma baiskeli isiyo na mawe, anakiri hakuelewa ni sehemu gani hasa ya siku ile wageni waliifurahia. Linalomsumbua zaidi ni uamuzi wa chefu. "Ile mawe niliokota hapa tu, karibu na Kapata. Juu ya nini ameyabakisha? Iko na nini ndani?" Majirani wanasema siku hizi anatembea akitazama chini.

Wiki iliyofuata alirudi kijijini na magunia matupu, hana hakika kama yatajazwa. Mama Angèle aliyajaza yote. Alipomaliza kufunga la mwisho, akauliza kama ile kazi ya kutembeza watu bado ipo.

"Hii njia naijua tangu usichana," alisema. "Kila mara niko na muzigo ku kichwa, naona fasi ya kukanyaga tu. Nataka kupita siku moja nikigeuza shingo."

Tshilombo amekubali, na hatalipisha. Anatumaini watakwenda mvua zikipungua, mama akiwa amekaa kwenye karia juu ya mto wa sponji anaoushona Tshilombo mwenyewe. Jambo moja tu bado linamchanganya.

"Na batu bakituuliza, mama, tunauzisha nini?"

"Baulize," alijibu Mama Angèle. "Mi nitakuwa naangalia upande ingine."