Tunaenda Watatu

Mwaka jana, nikiwa kidato cha pili, nilifunga furushi la safari kwa sababu ya neno moja la mjomba. Neno lenyewe lilikuwa "watatu."

Niseme kwanza watatu tulikuwa nani. Hapa Kariakoo tumepanga vyumba viwili kwenye nyumba ya vyumba sita, uani kuna bomba moja na choo kimoja cha wote. Chumba kimoja ni cha mjomba, kaka wa mama yangu, na mkewe. Kingine ni cha kuwekea vitu, na mimi nimo humo pamoja na vitu, kati ya gunia la mkaa na cherehani bovu. Wenyewe hawana mtoto. Nililetwa kwao nikiwa darasa la tano ili nisome, mama akabaki kwetu, upande wa Kilwa. Tangu siku hiyo sikumwona. Barabara ya kusini mvua ikinyesha haipitiki, na isiponyesha nauli haipo. Halafu watu wa kwetu wakahamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, kwa hiyo hata nikifumba macho nimkumbuke mama, nilikuwa namweka kwenye nyumba ambayo haipo tena.

Balozi wetu wa nyumba kumi huja barazani kuuliza idadi ya watu, kwa ajili ya sukari na unga wa duka la kaya. Akifika kwetu, mjomba hajisumbui kuinua uso. Husema, "Watatu," basi. Mimi huwa ndani nyuma ya pazia, kwa sababu wageni wakija naona aibu kutoka. Nilikuwa nalipenda sana jibu lile. Mjomba si msemaji, hajawahi kuniita mwanangu, hata jina langu hulitaja mara chache. Lakini watatu ni yeye, mkewe, na mimi. Hapakuwa na mtu mwingine wa kuitimiza hesabu.

Mbwa alikuja baadaye. Mjomba ni fundi wa injini za boti kwenye shirika moja la umma, na Mzungu mtaalamu aliyekuwa akifanya naye kazi alipomaliza mkataba alimwachia mbwa wake. Jina alilopewa na huyo Mzungu hakuna aliyeweza kulitamka pale nyumbani, tukamwita Mbwa. Sasa kuleta mbwa kwenye nyumba ya watu wanaotunza udhu ni kutafuta maneno. Mama wa chumba cha mbele alisema malaika wa rehema sasa itabidi wazungukie Magomeni. Mkaza mjomba akamjibu kwamba hata kabla ya mbwa hakuwahi kuwaona wakipita hapa. Lakini na yeye aliapa mkono wake hautamgusa. Mjomba yuko kazini kutwa. Nikabaki mimi.

Nilimpikia ugali wa unga wa njano na vichwa vya samaki. Nilimwogesha bombani kabla wenye nyumba hawajaamka. Nikamzoesha kuja nikigonga ulimi, kwa kuwa naona haya kupiga kelele. Akiitwa na mtu mwingine hainui hata sikio.

Basi jioni moja mjomba akarudi kazini ana furaha, kitu ambacho si kawaida yake. Shirika lilikuwa linapeleka boti Lindi na yeye ndiye wa kuiendesha. Ni boti ndogo, si ya kukata bahari kuu, kwa hiyo angefuata pwani polepole, aingie kwenye mikono ya mto Rufiji katikati ya mikoko, atokee nyuma ya visiwa, mpaka Kilwa, ndipo Lindi. Wamemruhusu aende na mkewe wa kumpikia. Alikuwa akituchorea njia kwa kidole juu ya mkeka.

"Kwa dada tutalala siku mbili tatu," akasema. Dada yake ni mama yangu.

Mkaza mjomba akauliza wanaokwenda ni nani na nani.

"Tunaenda watatu," mjomba akasema.

Nilikuwa nakusanya sahani. Nikachuchumaa tena, nikajifanya naokota wali uliomwagika.

"Watatu, na boti yenyewe kama beseni?" mkaza mjomba akasema. "Mmoja itabidi alale miguuni petu."

"Atalala kule mbele, apigwe upepo."

"Na akitapika?"

"Atazoea."

Nikaapa moyoni kwamba sitatapika. Sikuuliza kitu. Mtu mwingine angeuliza, ningejua mapema yakaisha, lakini mimi niliona jambo lenyewe limeshasemwa, kuliuliza tena ni kama kulitia shaka. Na shule ilikuwa karibu kufungwa, kila kitu kilikubali. Nikafunga gauni langu moja, kanga, na kipande cha sabuni ya mche nilichokuwa nakibania, nikifulia sare kwa maji matupu ili kisiishe. Nilisikia huko vijijini sabuni haionekani kabisa. Nikawa najifunza njiani, nikitoka shule, maneno ya kumwambia mama nikifika. Niliogopa hatanijua, maana nimerefuka.

Alfajiri ya safari tukatoka Kariakoo kwa miguu, tukapita Mnazi Mmoja, tukakata Posta kuteremkia Kivukoni. Mjomba mbele na dumu la mafuta, mkaza mjomba na kapu, mimi nyuma na mbwa kwenye kamba na furushi langu kichwani. Hakuna aliyeniuliza furushi la nini. Kila mtu alikuwa amebeba kitu. Vijana waliokuwa wakishusha magunia walituona wakaacha kazi.

"Wazungu wetu hao wanaenda kutembea na mbwa wao," mmoja akasema.

"Na yaya wao nyuma," mwenzake akamalizia.

Hata hilo halikuniuma. Nilikuwa naenda kwa mama.

Tulipofika mbwa akakataa kupanda. Mjomba alivuta kamba, mbwa akakita miguu. Akasukumwa, akalala chini. Mkaza mjomba alikuwa ameshaketi botini, anasema mwacheni basi, abaki na malaika wake. Ndipo mimi nikaingia, nikasimama kule mbele, nikagonga ulimi. Mbwa akaruka mara moja, akaja kulala miguuni pangu. Nikakaa naye, furushi mapajani. Boti ilikuwa inanuka rangi mpya.

Mjomba akapakia dumu na kapu, akafungua kamba ya nyuma, halafu akaninyooshea mkono. Nilidhani anataka furushi alihifadhi lisilowe. Nikampa.

"Nini hii?"

"Nguo zangu."

"Nguo za nini?"

Nikamwambia kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, "Mjomba, ulisema tunaenda watatu."

Akanitazama, akamtazama mkewe, akamtazama mbwa. "Mimi, mkaza mjomba wako, na mbwa," akasema. Hakukaripia. Alisema vile mwalimu anavyomwonyesha mtoto hesabu rahisi. "Nyumba tumwachie nani? Sukari achukue nani?"

Mkaza mjomba alicheka, kisha akaziba mdomo kwa kanga. "Maskini," akasema. "Kumbe alijihesabu."

Mjomba akanirudishia furushi, nikashuka. Mbwa alitaka kushuka na mimi, ikabidi nimgongee ulimi tena kumtuliza, akakaa. Nilikuwa na sabuni ya kumpa mama, ilikuwa imo humo humo kwenye furushi mkononi mwangu, na boti haijaondoka, ningeweza kusema tu mpelekeeni hii. Boti ikazunguka, ikaelekea mlango wa bandari, mbwa kasimama mbele, masikio yanapepea. Mimi nikarudi Kariakoo na furushi. Asubuhi ile ile nikaitumia sabuni yote, nikafua kila nguo niliyonayo, hata zilizokuwa safi, hata pazia, mpaka kikabaki kipande kisichoshikika. Mama wa chumba cha mbele akauliza kama kuna maulidi.

Darasani tumefundishwa kwamba chenye uhai hufuata upatanisho wa watu. Mtu mmoja, mbwa mmoja. Watu watatu, mbwa watatu. Zoezi lile nilipata yote. Kama mbwa angekuwa kiti, mjomba angesema "watu wawili na kiti kimoja," na mimi ningelijua mapema. Lugha yetu imempa mbwa nafasi pamoja na watu, sawa, sikatai. Sikujua kwamba nafasi yenyewe ilikuwa yangu.

Walirudi kwa lori shule imeshafunguliwa. Mjomba ameiva kwa jua. Mkaza mjomba amenawiri, ana maneno kinywani hata hajavua viatu. Wanawake wote wa nyumba wakajaa uani kumsikiliza, mimi niko kwenye jiko napuliza mkaa.

Alisema ndani ya ile mikono ya Rufiji maji hayana hata kiwimbi, mikoko imesimama huku na huku na mizizi yake juu kama inataka kutembea. Injini wakiizima wanasikia kaa wakichakarisha matopeni. Mbwa alikaa mbele ananusa. Akiona viboko anarudi kujificha chini ya kanga yake, na yeye aliyeapa kutomgusa akawa anamfunika. Watu wa huko walikuja na mitumbwi kuuza kamba wabichi, wakawaona mume na mke na mbwa, wakadhani ni wakubwa wa serikali, wakawaamkia kwa heshima zote. Jioni wanafunga boti kwenye mkoko, anapika wali, mjomba anaimba. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumsikia akiimba.

Nilichukia kwamba ilikuwa safari nzuri. Nilitaka ingekuwa mbaya.

Hadithi yake ikafika kwa mama. Alisema watoto waliisikia injini wakakimbilia ufukweni, na mama akaja nyuma yao akaingia majini mpaka magotini. Akapaza sauti, "Mko wangapi?"

Mjomba naye akapaza, "Watatu."

"Basi hakungoja hata tufike," mkaza mjomba akasema. "Tukaona mgongo tu, mbio, anarudi kijijini. Sisi tunashangaa, huyu vipi, anatukimbia? Tunafika kwake, jogoo ameshachinjwa, wali motoni, sahani tatu zimepangwa mkekani. Anatuamkia huku anachungulia njia nyuma yetu. 'Na mwingine?' Na mwingine ndiyo huyo anakuja, ulimi nje."

Alimwigiza mama, jinsi alivyonyoosha shingo. Wanawake wakacheka mpaka mama wa chumba cha mbele akafuta machozi. Mimi nilikuwa nautazama mkaa. Ile shingo niliijua.

"Alipakua sahani ya tatu hivyo hivyo, kama amesahau," akaendelea. "Akaishika weee. Mwisho akammwagia mbwa kwenye jani la mgomba."

Sikumwona mbwa akirudi, kwa kuwa hakurudi. Siku walipoondoka kwa mama, mbwa aligoma kupanda boti, kama alivyogoma Kivukoni. Walivuta, walisukuma, na nani wa kumgongea ulimi? Wakamwacha. Mkaza mjomba alisema ni afadhali, nguruwe wa mwitu wanamaliza mihogo ya watu kule.

Watu walipotawanyika nikamuuliza mkaza mjomba, mama alisema nini. Ilibidi afikiri.

"Aliuliza mbwa kalelewa na nani. Nikamwambia na wewe. Akasema basi mwacheni hapa."

Nikaenda kukosha sufuria alilokuwa akilia mbwa. Lilikuwa safi, nililikosha siku ile ile walipoondoka.

Haikupita wiki, balozi akaja barazani. Mjomba alikuwa anatengeneza redio, miwani puani. Balozi akauliza mko wangapi safari hii, maana amesikia watu walikuwa wanasafiri safiri.

"Watatu," mjomba akasema, uso kwenye redio.

Nilikuwa ndani nyuma ya pazia, mahali pangu pa siku zote. Sijui nilitokaje. Nilijikuta mlangoni, mbele ya balozi, bila viatu, hata shikamoo nikaisahau.

"Watatu nani na nani, mjomba?"

Balozi akacheka, akasema kumbe binti huyu ana mdomo. Mjomba aliinua uso. Nadhani alinielewa, kwa sababu bisibisi ilisimama.

"Mimi," akasema. "Na mke wangu." Akatafuta neno, akanitazama, akatazama redio. "Na huyu."