Mabingwa wa Ukutani kwa Nyang'au

Katika kambi moja ya wachuma chai upande wa Kericho, ambako mvua hufika kila alasiri kama mgeni anayejua kiti chake, aliishi Nyang'au, Mkisii mwembamba ambaye hakuwahi kupigana na mtu yeyote. Vidole vyake vilizoea majani mawili na kichipukizi, basi. Lakini mambo ya ngumi aliyajua, au alisema anayajua, kwa sababu ukuta wa nyumba yake ulijaa mabingwa wa uzito wa juu.

Walitoka katika magazeti ya zamani aliyopewa na Kepher, mpishi wa meneja. Bilhah, mke wa Nyang'au, ndiye aliyeyabandika kwa uji wa wimbi. Yeye alitaka kuzuia upepo tu; mumewe akapata watu wa kuwahukumu. Kepher alimsomea majina. Mengine yote Nyang'au aliyasoma mwenyewe kwenye magoti, viwiko na shingo zao. Jioni aliweka kikapu chini na kuwapima upya. Dempsey, ambaye dunia ilimwogopa, alishushwa cheo kwa kuwa anainama kama mtu aliyeangusha kisu kwenye michai. Carnera alikuwa mkubwa, ndiyo, lakini hata ghala ni kubwa na haliwezi kukwepa. Jack Johnson, mweusi, kipara, mkono wa kushoto umelegea chini, alibaki juu ya wote. Mkono ule, alisema Nyang'au, ni mlango ulioachwa wazi na mtu anayengoja nyuma yake na rungu.

Mwaka 1935 mzee Orina wa Chepilat alituma habari kwamba anakuja kumposea mwanawe Ogari binti ya Nyang'au na Bilhah, Mokeira. Mokeira alimtaka Ogari hasa. Alimwambia baba yake kwa upole kwamba posa hii ikiharibika, yeye atabaki hapo nyumbani akimpikia mpaka azeeke. Nyang'au aliogopa. Ugali wa Mokeira ulijulikana kambi nzima, na si kwa utamu.

Sasa, kwa Wakisii ukwe una heshima kali. Maneno ya posa hupita kwa esigani, yaani mtu wa kati. Mkwe hamshiki mkwe. Na kifua wazi mbele ya wakwe ni aibu ya kusimuliwa. Bilhah alitazama ukuta wake kana kwamba anauona mara ya kwanza. Wanaume wazima, vifua wazi, wamezunguka kiti atakachokalia Orina! Alitaka kuwabandua. Nyang'au akamsihi, kwa maana wangeraruka.

Basi Bilhah akawavika. Alikata mashati kwenye karatasi za sukari, akachora vifungo kwa makaa, akabandika kwa uji. Karatasi haikutosha tumbo la Carnera, akamtundikia ungo. Johnson alipopata kola, Nyang'au aligeuka asimwone. Bingwa wake alifanana na mwinjilisti anayengoja sadaka.

Orina alifika na mvua. Pamoja naye alikuja esigani, mzee Arasa, mtu mpole wa kanisani mwenye miguu kama fito. Waliketi, wakaomba, Arasa akakohoa kuanza. Hapo Nyang'au akaona shati la Johnson likijikunja. Siku nzima jua halikutoka na uji haukukauka. Akasimama, akaegemeza mgongo kwenye picha.

Orina, kupitia kwa Arasa, aliuliza kwa nini mwenye nyumba haketi. Nyang'au, kupitia kwa Arasa, alijibu kwamba mgongo unamsumbua, ni kazi ya chai. Wakaendelea hivyo mpaka Mokeira alipoingia na kibuyu cha maziwa. Baba yake alipiga hatua moja kukipokea, na shati likamfuata, limeganda kwenye koti lake. Nyuma yake Johnson alibaki kifua wazi.

Bilhah alifunika uso. Orina akanyanyuka, akatazama ukuta kwa muda mrefu, akamnong'oneza Arasa. Arasa akasema, "Mzee anasema mkono wa kushoto wa huyu mtu uko chini sana. Atapigwa."

Kumbe Orina alibeba mizigo ya jeshi wakati wa vita vya Mjerumani, na huko aliwaona askari wakitiana ngumi kila wiki. Nyang'au alijua la kufanya: kukubali. Bilhah alimwambia hivyo kwa macho, na Mokeira kwa nyusi. Akafungua kinywa akubali.

"Mwambie mzee," akasema, "kwamba yeye haangalii bega la Johnson."

"Mwambie bega halizuii ngumi," akajibu Orina.

"Mwambie asiyejua mtego ndiye huingia."

Arasa alipeleka na kurudisha. Orina akaomba Dempsey avuliwe aonekane mbavu. Bilhah, kwa kukata tamaa, akamvua mwenyewe. Na kwa kuwa wakwe hawashikani, walimsimamisha Arasa katikati. Mmoja alimwamuru ashushe kushoto kama Johnson, mwingine achuchumae kama Dempsey, naye mtu wa kanisa akafanya yote mawili.

Mokeira alimsogelea. "Baba Arasa, waulize hao wazee kama mimi nimeolewa ama bado."

Arasa aliuliza vilevile alivyokuwa, amechuchumaa. Wazee wawili walitazamana wakaona haya. Orina alitaja ng'ombe haraka haraka. Nyang'au akasema sawa kabla hajamaliza. Bilhah peke yake ndiye aliyefikiri, akadai na ndama, akapewa papo hapo. Mokeira alitoka mbio hadi jikoni, na kicheko chake kikasikika juu ya mvua.

Arasa akauliza kama sasa anaweza kunyooka. Wakwe, kwa sauti moja, walimwomba asubiri kidogo.