Siku ya Somo Karthago

Perpetua wa Wheaton hakuwa mtu wa kubembeleza. Huko ughaibuni alikuwa akimhudumia Bi Dorothy, bibi wa Kizungu ambaye miguu ilikuwa imemgomea. Mwaka 2007 familia ilipomtaka aandamane na bibi kwenye safari ya meli, alisoma ratiba akakuta Machi 7: Tunisia. Moyo ukamruka. Hiyo ndiyo sikukuu ya somo wake, Mtakatifu Perpetua, aliyeuawa na Warumi huko huko, katika mji wa kale wa Karthago. Kijijini kwao Kilema, siku ya somo ni siku yako. Hata mama mkwe hakutumi.

"Nitakuja," alimwambia Leonard, mtoto wa bibi, jikoni kwa bibi huyo, "ila Karthago mnipeleke alipofia somo wangu."

Leonard akasema hakuna shida. Watu wa hakuna shida wapo kila nchi.

Elieth, Mtanzania mwenzake, alimcheka kwenye simu. "Shosti, unaenda kusukuma wheelchair kwenye magofu? Somo wako atakushangaa!"

"Aliyesimama mbele ya wanyama wakali ashangae wheelchair?"

Siku ikafika. Basi la watalii liliwashusha kwenye mabafu ya Kirumi ufukweni, nguzo nene zimekatika na mawe yametapakaa mpaka karibu na maji. Perpetua alipiga picha moja kwa adabu, kisha akamuuliza kiongozi wa msafara uwanja walikouawa mashahidi wa imani uko wapi. Uko juu kule, akajibiwa, haumo kwenye ratiba.

"Hatuna muda," Leonard akadakia. "Mimi na mke wangu tunakwenda sokoni. Wewe kaa kivulini na Mama, tutawapitia."

"Uliniahidi."

"Ni mawe tu, Perpetua. Na haya je, si mawe?"

Kumwacha mgonjwa peke yake hangeweza, na Leonard alilijua hilo vizuri. Basi lilipoondoka, alimwinamia bibi akamuuliza kama anataka kukaa kivulini.

"Tangu niugue nimekaa kivulini," alisema Bi Dorothy. "Ita teksi."

Uwanja wenyewe ulikuwa mdogo kuliko alivyouota: duara la mawe mafupi, majani, na nguzo moja yenye msalaba. Alisukuma kiti mpaka katikati, magurudumu yakikwamakwama. Alikusudia Salamu Maria ya kimyakimya, kwa sababu ilikuwa Kwaresma, na Kwaresma hakuna ngoma wala vigelegele. Lakini alipomfikiria somo wake, yule binti, mama wa mtoto mchanga, aliyeambiwa akane tu imani yake arudi nyumbani, naye akakataa, kigelegele kilimtoka. Watalii wakageuka. Alijua ni kosa. Akapiga cha pili, kirefu zaidi. Bi Dorothy naye akajaribu, akaishia kukohoa na kucheka mpaka machozi.

Waliporudi kwenye mabafu walimkuta Leonard getini, uso umemwiva.

"Nani alikuruhusu kumtoa Mama hapa?"

"Wewe. Jikoni kwa mama yako, Wheaton."

Leonard akanyoosha kidole. "Basi niahidi sasa hivi kwamba haitatokea tena."

Perpetua alifunga breki za kiti, akamfunika bibi miguu kwa kitenge, ndipo akamtazama usoni.

"Haitatokea tena," alisema. "Nimeshafika."