Shikamoo ya Baba Mdogo

Watu wa Tabata wakikwambia Bernadeta ni kichaa, usibishane nao, utachoka bure. Mimi ni jirani yake wa mlango kwa mlango, nyumba moja ya kupanga, ua mmoja, bomba moja. Naitwa Hamida, wengi huniita Mama Nurdin kwa jina la mwanangu. Mimi Mwislamu, wao Wakatoliki, na mambo ya jumuiya yao hayanihusu. Lakini ukuta wetu haujui dini. Yaliyosemwa upande ule nimeyasikia, na nayasema yote kwa sababu wenyewe wameyasema nusu.

Bernadeta ni fundi cherehani, anashona sare za shule hapo barazani. Mumewe, Gaudens, ni karani wa ghala. Mtu mpole, hanywi, hapigi, na Jumapili anaimba kwaya. Wana binti mmoja, Loveness, wakati ule alikuwa darasa la sita. Ukiwatazama kwa nje utasema hawa wamejaliwa.

Ila palikuwa na jambo moja lililowashinda ndugu zake: Bernadeta hamwamkii baba yake mdogo. Mzee Alfonsi, mdogo wa marehemu baba yake, ndiye aliyemtoa Masasi angali mtoto, akamleta kwake Mbagala alikokaa na mkewe, akamsomesha, na ndiye aliyepokea mahari yake. Mtu kama huyo ukikutana naye unapiga goti. Bernadeta alikuwa akimpita misibani na harusini kana kwamba amepita nguzo ya umeme. Ndugu wakasema ana kiburi, mji umemharibu, fadhila za punda ni mateke.

Nitasema mapema usije ukakaa unangojea. Huyo mzee alimharibu Bernadeta akiwa mtoto wa darasa la sita, na si mara moja. Basi. Hiyo ndiyo sababu, na alikaa nayo kifuani mpaka akaolewa, akazaa, akaanza kuota mvi.

Kilichomvunja ni sherehe ya kumuaga binamu yake aliyekuwa anaolewa. Mzee alimshika Loveness bega mbele ya watu akasema, "Huyu mjukuu wangu kashakua. Likizo aje Mbagala anikorogee uji." Gaudens akacheka, akajibu, "Atakuja, baba." Tangu siku ile mikono ya Bernadeta ikawa inatetemeka kwenye cherehani. Sindano ikamtoboa kidole. Usingizi ukamhama, akawa anamlinda mtoto hata akienda chooni.

Mimi wakati huo nilikuwa napika chai kwenye jengo moja la ofisi kule Mikocheni. Ghorofa ya juu palikuwa na dada mmoja anaitwa Bupe, mtaalamu wa saikolojia. Kazi yake kukaa na watu wenye mizigo moyoni, wakazungumza. Nilikuwa nawaona wanaotoka kwake: macho mekundu, lakini mabega yameshuka. Nikamwambia Bernadeta.

"Mie sina wazimu, Mama Nurdin," akaniambia.

"Mwenye wazimu haendi mwenyewe, anapelekwa. Twende."

Siku ya kwanza iliharibika kabla haijaanza. Bupe ni binti mdogo, na kalelewa vizuri na Wanyakyusa wake. Alipomwona Bernadeta akasimama, "Shikamoo, mama." Bernadeta akaitikia, "Marahaba." Ukishaitikia marahaba umekuwa mkubwa, na mkubwa hamwagi machozi mbele ya mtoto. Tena Bernadeta alikuwa anangoja kuambiwa. Kwa mganga, mgonjwa hajielezi. Anakaa mkekani, mganga ndiye anayemwambia kilichomleta, na akikosea mgonjwa anabeba kanga yake anaondoka. Bupe naye akawa anangoja aambiwe. Wakangojana weee, muda ukaisha.

"Mtaalamu gani huyu?" Bernadeta akaniambia tukiwa tunarudi, amefura. "Ananiuliza mie ndo nimwambie ninachoumwa! Sasa yeye kasomea nini?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Lakini alirudi. Alirudi kwa ajili ya Loveness. Alitaka kitu kimoja tu duniani: nguvu ya kumwambia mumewe kwa nini mtoto asikanyage Mbagala. Bupe naye hakuwa mjinga. Alikigeuza kiti wasitazamane usoni, akamruhusu aje na kazi ya mkononi. Bernadeta akawa anapinda sketi za wanafunzi huku anaongea, leo habari za Masasi, kesho habari za mama yake, keshokutwa kimya kitupu. Siku alipolitamka lile neno lenyewe, alinikuta bombani akaniambia, "Nimelisema, Mama Nurdin. Dari haikuanguka." Ndipo na mimi aliponieleza.

Bupe alimwahidi kwamba yanayosemwa mle ndani yanabaki mle ndani. Akamuuliza kama yuko tayari mumewe aje ayasikie hapo hapo, mbele yake. Gaudens akaja, kavaa shati la kwaya. Alisikiliza mpaka mwisho. Alilia, nasikia, mpaka Bupe akamletea maji. "Pole, mke wangu," akasema. "Mungu wangu, pole." Siku hiyo Bernadeta alinunua vibua, akakaanga, akaniletea viwili. Alikuwa anaimba. Mikono imetulia kabisa, na mimi nikamshukuru Mungu nikidhani kazi imekwisha.

Ilikuwa Kwaresima. Jumuiya yao husali Jumamosi alfajiri, nyumba hii leo, nyumba ile wiki ijayo, na kila mtu hutoa nia yake, aombewe. Jumamosi ile walikuwa kwa kina Bernadeta. Niko uani nachochea mkaa, nikasikia sauti ya Gaudens, nzuri, ya taratibu:

"Tumwombee mke wangu. Ana uchungu wa muda mrefu na baba yake mdogo. Mungu amjalie moyo wa msamaha."

"Ee Bwana, utusikie," wakaitikia.

Nusu! Nilitaka kuitupa ile sufuria. Kauchukua ugonjwa, kamwacha aliyeuleta. Na ubaya wenyewe ni kwamba hakusema uongo, kila neno lilikuwa kweli. Bernadeta aliingia kwenye ile sala ameonewa, akatoka mdhambi, na aliyemfanya hivyo ni mtu anayempenda. Walipoondoka nikamvizia Gaudens mlangoni. Heshima nikaiweka pembeni.

"Baba Loveness, mbona umetoa nusu?"

Akatazama chini. "Ile nyingine ni aibu, Mama Nurdin. Yule ni mkwe wangu. Mahari yangu imepokewa na mkono ule. Nikiitangaza, ndoa yangu naiweka wapi?"

"Na mtoto unamweka wapi?"

"Mzee saa hizi kashazeeka," akasema, akaingia ndani.

Bernadeta alimnunia. Lakini nia ikishatolewa jumuiya si yako tena, ni ya wote. Na wao wana desturi, hakuna kuvuka kwenda Pasaka na kinyongo. Waliogombana wanakalishwa pamoja, wanashikana mikono, wanasaliwa. Mwenyekiti wao, Tekla, ni mwanamke wa moyo mzuri mno, na hao ndio ninaowaogopa. Alipanga na Gaudens. Jumamosi moja kabla ya Jumapili ya Matawi, Mzee Alfonsi akaletwa kutoka Mbagala kwa bajaji, akakalishwa kwenye kiti kikubwa chenye kitambaa cheupe. Bernadeta hakuambiwa, asije akakimbia. Alitoka jikoni na chupa ya chai, akamkuta sebuleni kwake.

Mlango ulikuwa wazi. Niliacha kuosha vyombo.

"Mama Loveness," Tekla akasema kwa upole, "leo ni siku ya neema. Mwamkie baba yako, yaishe."

Bernadeta akaiweka chupa chini. "Simwamkii."

"Mwanangu," mzee akasema, "kama nimekukosea kitu..."

"Kitu?" Bernadeta akageukia watu. "Sie tulikuwa tunakaa vyumba viwili Mbagala. Ngoja niwaambie hicho kitu."

Akaanza. Sentensi ya kwanza niliisikia. Kabla ya ya pili, wimbo ukapanda. Wimbo wa toba, na aliyeuanzisha hakuwa Tekla wala wale kina mama. Sauti ilikuwa ya kiume, ya kwaya, ninayoijua kila Jumapili inavyofanya mazoezi ukutani kwangu. Gaudens. Wengine wakadakia, wakapiga makofi, maana mtu akianzisha wimbo unadakia, hujiulizi kwa nini. Bernadeta hakunyamaza. Nilimwona mdomo unakwenda, mishipa ya shingo imesimama, anawaambia mmoja mmoja usoni, na wao wanamwimbia.

Kosa lao ni kwamba wimbo una mwisho. Beti zikaisha, na yeye alikuwa hajamaliza. Katika kile kimya sebule nzima ikamsikia:

"...na mama mdogo alikuwa anasikia, anaongeza sauti ya redio."

Tekla alishika mdomo. Kwa hesabu yangu, kwa pumzi mbili tatu hivi, wote walijua. Niliwaona. Mmoja alishaanza kumtazama mzee kwa jicho jingine, na mzee alikuwa ameikamata fimbo yake kwa mikono miwili. Gaudens angekaa kimya tu, angekaa kimya tu kama alivyojaliwa, ingetosha.

Akasimama. Akamshika mkewe bega, machozi yanamlengalenga.

"Baba, utuwie radhi. Na nyie ndugu zangu. Sikutaka kusema, ila mke wangu anatibiwa. Kuna dada mmoja Mikocheni, mtaalamu wa akili, anakwenda kila wiki. Mimi mwenyewe nilimsindikiza."

"Aaaah!" wakasema. Ungewasikia walivyoshusha pumzi. "Pole, Mama Loveness. Pole sana. Tulikuwa hatujui." Yule aliyekuwa anamtazama mzee akamwinamia amwombe samahani. Ile kazi aliyoifanya kwa Bupe kwa miezi mingi, siku aliyotamka na siku aliyonyamaza, wakaichukua ikawa cheti cha kichaa chake.

Mzee Alfonsi akakohoa, akapata sauti. "Maskini mwanangu. Msimlaumu. Huyu mtoto mnipe likizo, mama yake apumzike."

"Asante, baba," Gaudens akasema.

Bernadeta hakulia. Aliokota chupa yake akarudi jikoni. Bupe alipompigia simu hakupokea, na nilipomuuliza akaniambia, "Nikarudi nikafanye nini? Kila nikipanda ile ngazi nawaongezea ushahidi." Tekla akawa anamletea maji ya baraka. Wateja wakapungua, maana nani anampa mwenye kichwa kibovu mkasi?

Likizo ya mwezi wa sita ilipowadia, Gaudens alikunja nguo za mtoto mwenyewe, akaziweka kwenye begi la kwenda Mbagala. Asubuhi alipokuwa anaoga, Bernadeta alinikabidhi mtoto na begi mlangoni kwangu. Tukaondoka mie na Loveness kwa basi la Kilwa, kwa mama yangu mzazi. Mimi nikarudi peke yangu, yeye yuko huko hadi leo, kahamishiwa shule, na bibi yake mpya kamfundisha kusuka ukili wa mikeka.

Gaudens alilipeleka jambo hilo jumuiya, wakaliombea. Kisha ukoo ukaitisha kikao hapo hapo uani, wajomba, shangazi, Mzee Alfonsi katikati. Wakamweka Bernadeta kwenye kigoda, wakamuuliza mtoto amempeleka wapi. Wakauliza kwa upole, wakauliza kwa ukali, Gaudens akamwomba kwa jina la Mungu. Yeye alikuwa anapinda sketi. Mikono haikutetemeka.

"Si mmesema mie kichaa?" akajibu. "Kichaa haulizwi."