Mwanafunzi wa Nyumbani

Mwalimu huyu wa udereva alibandikwa jina la Ndoo, wala hakununa. Kwenye buti la gari la kufundishia alibeba ndoo ya maji ya barafu, na mwanafunzi aliyeingiwa na kiwewe siku ya mtihani wa leseni aliambiwa avute pumzi, azamishe uso humo hadi Mwalimu ahesabu ishirini. Aliinuka akitweta, lakini moyo umetulia na mikono imeacha kutetemeka. Wengi walipita.

"Hofu haina akili," Mwalimu aliwaambia kwa sauti ya kubembeleza kitoto kichanga. "Ipoze tu."

Sauti hiyo mkewe hakuwahi kuisikia garini. Mama wa watu alikuwa ameahidiwa kazi ya kusambaza mikate, mradi awe na leseni kabla ya mwisho wa mwezi, na alishafeli mara mbili. Kila akigusa klachi, bingwa wetu wa utulivu aliruka kitini: "Breki! Breki, mwanamke, utatuua!" Na gari hapo limesimama. Ndoo nayo alipewa, asubuhi na jioni, mpaka akapata mafua. Kila alipofeli, Mwalimu aliwaambia wenzake kwamba vichwa vingine ni vigumu, hata maji hayapenyi.

Siku ya mtihani wa tatu, mtahini alipomwita mkewe, Mwalimu alianza. "Kioo! Usisahau kioo! Na ukirudi nyuma, usi..." Jasho lilimtoka, midomo ikimcheza.

Mkewe aliishusha ndoo kutoka kwenye buti, akaiweka chini.

"Baba watoto, inama."

"Mimi?"

"Inama. Leo nahesabu mimi."

Wanafunzi wake wote walikuwa wanatazama, kwa hiyo aliinama. Mkewe alihesabu moja, mbili, mpaka saba, kisha akanyamaza. Mwalimu, mtu wa kufuata utaratibu, akasubiri nane.

Alipoinuka, ndevu zikichuruzika, gari lilikuwa linarudi kinyumenyume kati ya nguzo mbili, taratibu kabisa, bila kugusa hata moja.

Mkewe alirudi na karatasi mkononi. Mwalimu akajiweka sawa kupokea shukrani. "Umeona? Nilikwambia maji..."

"Nimepita," mkewe akamkatiza, naye alikuwa analia. "Miaka miwili, baba watoto. Miaka miwili nalala nikijua mimi ni mjinga."